Mkware Ndani ya Tenga

Duara la dhahabu likitoa mawe ya maana, mwenye nalo hujulikana Saza nzima kabla hajaoga. Jioni hiyohiyo atanunulia bia meza mbili, atamtuma kijana wa bodaboda akalete kuku wa kukaanga, na ghafla atajiona mzuri. Hapo ndipo kichekesho kinapoanzia. Juzi alikuwa na vumbi la karasha hadi kwenye kope na hakuna mwanamke aliyemgeuzia shingo. Leo anaamini kabisa kwamba wanaomtazama wanatazama sura. Eneo hili ambalo sasa ni Wilaya ya Songwe limekuwa na watu wa namna yake tangu dhahabu ya Lupa ianze kuvuta wachimbaji katika miaka ya 1920, na sidhani kama enzi za mgodi wa zamani wa Saza, chini ya Waingereza, mambo yalikuwa tofauti sana. Wanaume wenzake humwita pedeshee, kwa wivu kidogo. Akina mama wanaompikia na kumuuzia humwita buzi, na buzi kazi yake ni kuchunwa.

Mtu huyu ana ndugu duniani kote, na jamii nyingi zimemtungia hadithi ya siku alipopatikana. Ukizisoma kwa pamoja, la kutazama ni nani anayempata. Katika filamu za mapenzi zinazotoka Marekani ni mwanamke mmoja, mrembo mwenye ulimi mkali, na mambo huishia kanisani. Shakespeare alikwisha kuipita njia hiyo zamani kwa Benedick na Beatrice wa Much Ado About Nothing: mwanaume anajisifu kwamba wanawake wote wanampenda, anakutana na asiyeona cha kupenda, wanarushiana maneno hadi wanajikuta wameoana. Kwetu hadithi hiyo huchekesha, lakini haiaminiki. Mkware wa hadithi zetu hapatikani na mmoja. Hupatikana na wengi waliokaa wakapiga hesabu pamoja, na akishapatikana hakuna anayemtaka kwa ndoa.

Mfano mzuri kuliko yote tulionao kwa Kiswahili ni wa kuazima. Aprili 2012 ukumbi wa Globe, London, ulianza tamasha la michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37, na Kiswahili kikaangukiwa na The Merry Wives of Windsor. Kikundi kutoka Kenya kiliucheza kwa jina la Wanawake wa Heri wa Winsa, tafsiri ya Joshua Ogutu, na nafasi ya Falstaff akapewa Mtanzania, Mrisho Mpoto, ambaye wengi wetu tulimzoea akighani mashairi jukwaani miguu peku. Kumpa mghani nafasi ile kulikuwa na akili. Falstaff hana ujana, hana fedha, tumbo limemtangulia. Alichobakiwa nacho ni mdomo na imani kubwa juu ya uzuri wake. (Mwalimu Nyerere alikwisha kututafsiria Kaizari na Shailoki, watu wa dola na wa riba. Mzee huyu mnene wa Winsa alichelewa kutufikia, na nadhani ndiye tuliyemhitaji zaidi kwenye vijiwe vya jioni.)

Kisa chenyewe kiko hivi. Falstaff anaishi kwenye nyumba ya wageni na deni linapanda. Anawaona wake wawili wa wenye mali, Bibi Ford na Bibi Page, na kwa kuwa kila mmoja alimtazama kidogo, anaamua kwamba wamekufa kwake. Kwa hakika anachokitaka ni mikoba ya waume zao, lakini amejidanganya kwanza ndipo aende kuwadanganya wengine, na hiyo ndiyo tofauti ya mkware mwenye majivuno na tapeli wa kawaida. Anawaandikia barua. Barua mbili, maneno yaleyale, amebadilisha jina tu. Wanawake hao ni mashoga. Wanakutana, mmoja anatoa barua, mwenzake anatoa yake, wanaziweka sambamba. Kuanzia hapo mchezo si wa Falstaff tena.

Yeyote aliyekaa Tunduma mwezi mmoja anaujua mchezo huo bila kufundishwa. Mji uko mpakani, Nakonde ya Zambia iko ng'ambo tu, na foleni ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo haiishi. Mwanaume anayejiona mjanja ana laini ya Tanzania na laini ya Zambia, na ana mpenzi kwa kila laini. Ujumbe wa asubuhi njema ni mmoja. Hubonyeza mara mbili. Anauona mpaka kuwa ukuta uliojengwa kwa ajili ya usalama wake, kwa sababu yeye akiuvuka huuvuka na lori, kwa mihuri na ushuru na kusubiri. Wanawake wanaouza mchele, maharage na vitenge huuvuka kila siku, na hukaa kwenye benchi moja wakingoja mteja. Hapo simu moja ikitolewa kuonyesha ujumbe mtamu, na ya pili ikatolewa, Winsa imefika Songwe bila mtafsiri.

Mwanzoni Bibi Ford na Bibi Page hawamkemei Falstaff wala hawamshitaki kwa waume zao. Wanamkaribisha. Akishafika, wanamtia hofu kwamba mwenye nyumba anakuja, wanamsokomeza kwenye tenga la nguo chafu, na watumishi wanabeba tenga na kwenda kulimwaga Thames. Globe yenyewe iko kando ya mto huo, kwa hiyo wale waliomtazama Mpoto akisimulia jinsi alivyotupwa majini walikuwa hatua chache tu kutoka kwenye maji yenyewe. Mara ya pili Falstaff anavikwa nguo za bibi kizee na kupigwa fimbo. Mara ya tatu anaitwa msituni usiku akiwa na pembe kichwani, na watoto waliojifanya mizimu wanamfinya na kumchoma kwa mishumaa huku wanaimba. Anakuja mara zote tatu. Majivuno yake yanampa tafsiri mpya ya kila kipigo: kama wanahangaika nami hivi, basi wananipenda kweli.

Tenga lile ni la zamani kuliko Shakespeare. Somadeva wa Kashmir, aliyekusanya hadithi katika karne ya 11, anasimulia juu ya Upakosha, mke ambaye mumewe amesafiri na wakubwa wa mji wakaanza kumwandama mmoja mmoja. Aliwapa wote miadi usiku mmoja, kila mtu na saa yake. Kila aliyefika aliogeshwa gizani kwa mafuta yaliyochanganywa na masizi, na alipobisha hodi wa pili, wa kwanza akaingizwa sandukuni. Asubuhi sanduku likapelekwa mbele ya mfalme likiwa na watu ndani, weusi kwa masizi, waheshimiwa wote. Mfanyabiashara aliyemdhulumu amana ya mumewe, naye akiwa mmoja wa waliomtaka, alishuhudiwa na sauti zilizotoka ndani ya mbao.

Alfu Lela Ulela ina dada yake. Mwanamke anataka mpenzi wake atolewe kifungoni. Anakwenda kwa liwali, kwa kadhi, kwa waziri, kwa mfalme, na kila mmoja anataka kulipwa kwa mwili. Anamwendea seremala amtengenezee kabati la vyumba vinne. Seremala naye anataka. Basi, anasema, fanya vyumba vitano. Wote wanaishia humo, mmoja juu ya mwenzake, na hati ya kumwachia mfungwa imekwisha kupatikana. Mwanamke na mpenzi wake wanaondoka mjini. Wakubwa wanakaa siku tatu bila chakula, na haja ndogo ya wa juu inamshukia wa chini. Msimulizi hana nia ya kutufundisha usafi wa ndoa, maana shujaa wake mwenyewe ana hawara. Kinachomfurahisha ni ule utaratibu: dola nzima imepangwa kwenye rafu na mtu asiye na cheo. Na walipofunguliwa wakaonana, nao wakaangua kicheko.

Tazama kwamba Upakosha na yule wa kabati hawakupata shoga wa kulinganisha naye barua. Ujanja wao ni kuwafanya wanaume wenyewe wapangike foleni. Lakini hesabu ni ileile, kwani nguvu ya mkware iko katika kuwatenga wanaomjua. Kila mwanamke anaambiwa yeye ni wa peke yake. Kila mwanaume aliye chumbani anaamini yuko peke yake. Weka wawili mahali pamoja, uongo hauna pa kukaa.

Hispania ilimfikiria mtu huyo kwa njia nyingine. Don Juan alitoka kwa Tirso de Molina katika karne ya 17, Molière akamchukua mwaka 1665, Mozart akamtungia muziki mwaka 1787. Katika opera ya Mozart mtumishi wake ana daftari la mabibi: Italia 640, Ujerumani 231, Ufaransa 100, Uturuki 91, Hispania 1,003. Daftari hilo anaonyeshwa Donna Elvira, mmoja wa walioachwa, na baadaye waliodhulumiwa wanaungana na kumwendea nyumbani wakiwa na barakoa. Wanashindwa. Anawaponyoka, na inabidi sanamu ya jiwe ya baba wa mmoja wao ishuke kutoka makaburini kuja kula naye chakula cha jioni na kumpeleka motoni.

Kwa nini mashoga wa Winsa waliweza na wale wa Sevilla wakashindwa? Sioni kwamba Elvira alikuwa na akili kidogo. Don Juan ni mtu wa ukoo mkubwa, ana upanga, ana ardhi, sheria ni binamu yake. Hahitaji chakula cha mtu. Falstaff ana cheo cha jina tu, na anakula kwa mkopo kwenye mji wa watu. Kijiji kinaweza kumwadhibu anayekitegemea. Pedeshee wa machimboni yuko upande wa Falstaff: ni mgeni, dhahabu yake ni ya msimu, chumba amepanga, na mama ntilie anajua deni lake kuliko anavyolijua yeye. Ndiyo maana anachekwa. Yule ambaye hachekwi ni mwingine, na tutamfikia. (Molière, kwa njia, anamalizia mchezo wake na mtumishi akilia: bwana kaenda motoni, mshahara wake atamdai nani? Wapiga mawe wa Saza ambao mwenye duara aliwahi kuwakimbia watamwelewa mtumishi huyo mara moja.)

Tanzania ilimpa mkware jina jipya kupitia redio. Fataki alianza kusikika nchi nzima mwaka 2008, katika kampeni ya kuwakinga wasichana na wanaume watu wazima wanaowarubuni. Vilikuwa vipande vifupi vya kuchekesha, na mpango wake haukubadilika. Fataki anamwona binti, anajinyoosha shati, anaahidi lifti au chakula au fedha, sauti yake imejaa asali. Halafu anatokea mtu wa tatu. Anaweza kuwa yeyote aliye karibu, mradi tu amekataa kunyamaza. Fataki anaondoka mikono mitupu, na kesho kipande kingine kitamleta tena, na atashindwa tena, na hatajifunza. Muda si mrefu jina lilitoka redioni likaingia kwenye daladala na masoko. Ukimwona mzee anamnunulia chipsi mtoto wa shule, ulikuwa na neno la kumtupia hadharani.

Fataki ni Falstaff aliyenyang'anywa utamu. Shakespeare anatuachia nafasi ya kumpenda mzee wake, na mwisho wa mchezo anaalikwa aje acheke na wengine penye moto. Fataki hana mwaliko, na ni haki, maana anayemwinda ni mtoto. Lakini mtindo wa kumshinda ni uleule: binti hahitaji kuwa na ulimi wa Beatrice, kwa sababu mzigo umehamishiwa kwa jirani. Watunzi wa kampeni wangeweza kumtunga msichana shujaa anayemkata mzee maneno, kama filamu za Magharibi zinavyopenda. Walijua nchi wanayoisemesha. Hapa msichana wa miaka kumi na mitano hamjibu mtu mzima ovyo. Mama muuza vitumbua anaweza.

Vichekesho vya mitaani vina ndugu mwingine mdogo, sharobaro, ambaye marehemu Sharo Milionea alimcheza kwa mbwembwe hadi ajali ya barabarani ilipomchukua Muheza, Novemba 2012. Huyo ana majivuno ya pedeshee bila fedha yake, na mara nyingi aliyemvua nguo za uongo alikuwa mzee, Mfalme wa vichekesho mwenyewe, King Majuto. Na kutoka Kinshasa, mwaka 1985, Franco alitupa wimbo wa Mario, kijana msomi anayelelewa na mama mwenye fedha hadi mama akachoka akamtaka aondoke. Wote hawa wanapita haraka kwenye hoja yangu, kwa sababu mtego wao ni wa mmoja kwa mmoja. Hata hivyo hakuna hata mmoja anayeishia kanisani.

Lakini nisiwape akina mama umoja ambao hawana siku zote. Sikiliza mipasho ya taarabu. Katika miaka ya 1990, wakati vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vikishindana, na Khadija Kopa na Nasma Khamis wakijibizana majukwaani, ukumbi ulijaa wanawake wakinyanyuka kwenda kutunza kwa vidole vilivyoelekezwa. Vilielekezwa kwa nani? Kwa mwanamke mwenzao, mara nyingi. Mwanaume anayegombaniwa hatajwi sana. Yuko nyumbani, au yuko meza ya nyuma na bia yake, hajaguswa. Nyimbo zile ni kilele cha ufundi wa kusema kwa mafumbo, nazipenda, lakini kwa mkware ni bima. Barua mbili zimetolewa, zimewekwa sambamba, na wenye barua wakashikana nywele.

Kazija wa Utengano anajua hatari hiyo. Riwaya ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, si kichekesho, na Bwana Maksuudi wake ni yule niliyesema hachekwi: mtu wa fedha na siasa, anayemfungia mke na binti ndani ya nyumba huku yeye akirandaranda nje. Mke wake, Tamima, hana pa kumshitaki. Kazija anauza mwili, na miongoni mwa wanaomtaka ni Maksuudi na pia Mussa, mwanawe. Angeweza kumwona Tamima kuwa mshindani au mjinga. Anachagua kumwona kuwa mdai mwenzake wa bwana yuleyule, na anawapa baba na mwana miadi itakayowakutanisha chumbani mwake.

Ni kabati la Alfu Lela Ulela, vyumba viwili tu safari hii, na damu moja. Wanaume wa kabati lile walipoonana walicheka, maana hawakuwa wa nyumba moja. Maksuudi hawezi kucheka. Cheo chake kimesimama juu ya kuitwa baba, na Kazija amemleta shahidi pekee ambaye hawezi kumnunua wala kumfunga mdomo. Kwa mtu kama huyu tenga la nguo chafu halitoshi, mto hautamlowesha. Said Ahmed Mohamed aliona kwamba mwenye dola hunaswa na kile anachokiheshimu, na hapo ndipo nadhani anawapita wote niliowataja, Molière akiwemo.

Kuna mmoja anayeshinda. Wole Soyinka, katika The Lion and the Jewel ya 1959, anamleta Baroka, mtawala wa kijiji cha Ilujinle, miaka 62, mwenye wake wengi na hamu ya kuongeza mmoja. Amemtaka Sidi, msichana ambaye picha zake zimetoka kwenye gazeti na zikampanda kichwani. Majivuno yamekutana na majivuno. Sidi anamkataa kwa uzee wake. Baroka anamwita Sadiku, mke wake mkubwa, na kumnong'oneza kwa huzuni kwamba nguvu za kiume zimemwisha, akimsihi asimwambie mtu. Sadiku anaahidi, anatoka, anacheza ngoma ya ushindi wa wanawake, na Sidi anamkuta akicheza. Sidi anafunga safari kwenda kumdhihaki mzee. Anakwenda peke yake. Wasomaji wengi wa leo, mimi nikiwemo, hawacheki na yanayomkuta huko.

Mashoga wa Winsa walishinda kwa sababu habari ilitembea kati yao na Falstaff hakuwa na habari hiyo. Kazija alishinda kwa sababu alijua ratiba za wanaume wawili ambao hawakujua za wenzao. Baroka aliiachia habari itembee. Yeye ndiye aliyeipika na kuichagulia mpagazi. Hakuwazuia wanawake wasizungumze, wala hakutegemea mpaka, ukuta au laini ya pili. Kati ya wakware wote hawa, mzee huyo ndiye pekee aliyewahi kujiuliza wanawake wakikaa wenyewe huzungumza nini.